Kabla ya altaneta, breki

*Shikamoo Mzee wa Spana,*

*Mimi ni mama wa watoto wanne, mkazi wa Njombe, nafanya biashara ya viazi mviringo. Nina pikapu, Toyota Hilux ya dizeli yenye injini ya 3L, niliyoinunua kwa mkopo wa kikoba na deni bado halijaisha. Miezi miwili iliyopita taa nyekundu ya betri iliwaka kwenye dashibodi, na asubuhi yake gari likagoma kuwaka. Fundi akasema altaneta imekufa. Nikanunua nyingine ya mtumba, akafunga, mambo yakatulia. Haukupita muda taa ikawaka tena. Fundi wa pili akaifungua, akaikuta imelowa oili nyeusi, akaiosha kwa petroli, ikachaji siku chache ikafa. Sasa naambiwa ninunue ya tatu.*

*Mwanangu wa kwanza yuko VETA anasomea umeme wa magari. Anasema ataibadilisha mwenyewe hapa nyumbani. Baba yake hataki kusikia. Anasema gari la deni si la kufanyia mazoezi. Majirani nao wamenijaza maneno kwamba fundi wa kwanza alichukua altaneta yangu nzima akaniwekea kimeo. Usingizi sipati. Nimruhusu mtoto? Nimshitaki fundi? Au niuze gari nirudi kukodi magari ya watu?*

*Dereva naye analalamika eti breki zimekuwa ngumu, lakini huyo kila siku ana lake. Naomba ushauri wako.*

*Mama Viazi, Njombe*

Marahaba, mama. Pole sana na hekaheka hizo.

Dereva wako safari hii hakuwa na lake. Ile sentensi uliyoitupa mwishoni mwa barua ndiyo ingetakiwa kuwa ya kwanza. Kabla hujanunua chochote, kabla hujabishana na baba watoto, simamisha hiyo pikapu. Isibebe gunia hata moja wala isishuke mlima wowote, maana huko kwenu kutoka nyumba moja hadi nyingine ni kupanda na kushuka, na najua hayo magunia yenu ya viazi yanavyoshonewa kofia juu. Na kama una mpango wa kupeleka mzigo Morogoro kwa kupitia mteremko wa Kitonga, ufute leo.

Nitakueleza kwa nini, na ukishaelewa utaona kwamba altaneta iliyolowa oili na breki ngumu huenda vikawa ugonjwa mmoja.

Ufungue boneti utazame ukutani, upande wa dereva, pale pedali ya breki inapotokea. Utaona bakuli kubwa jeusi la bati, kama sufuria mbili zilizofunikizwa pamoja. Hiyo ndiyo busta ya breki. Ndani yake kuna ngozi ya mpira inayoligawa bakuli pande mbili. Upande mmoja hewa inafyonzwa, na dereva akigusa pedali, hewa ya kawaida inaingia upande wa pili na kusukuma kwa nguvu kubwa kuliko mguu wa mtu. Ndiyo maana pikapu yenye mzigo inasimama kwa kugusa tu. Hewa isipofyonzwa, breki zinakuwepo bado, lakini zinategemea misuli ya dereva peke yake. Kwenye tambarare bila mzigo atasimama. Kwenye mteremko na viazi mgongoni atakanyaga kwa miguu yote miwili na bado gari litaendelea kushuka.

Sasa nani anafyonza hiyo hewa? Kwenye gari la petroli, injini yenyewe inafyonza, kwa sababu ina kilango cha hewa kinachofunguka na kufunga kadiri unavyokanyaga mafuta, na nyuma ya kilango hicho hewa inakuwa haba. Dizeli kama yako haina kizuizi hicho, inavuta hewa wazi, kwa hiyo lazima ifungiwe pampu ya kufyonza, ambayo mafundi wetu wanaiita vakyumu. Wahandisi wa Toyota, kwenye familia hii ya injini za L, yaani 2L, 3L na 5L, wakaona kuna kitu tayari kinazungushwa na mkanda muda wote injini ikiwaka, nacho ni altaneta. Wakaipachika vakyumu mgongoni mwake, kwenye ekseli ile ile.

Kwa hiyo mama, wewe ulikuwa unanunua mtambo wa umeme ambao umebeba breki zako mgongoni, na sidhani kama aliyekuuzia alikwambia.

Pampu hiyo inahitaji oili ili isijitafune. Inaipata kutoka kwenye injini kupitia mpira mwembamba, oili ikiwa na presha, kisha inairudisha kwenye sampo kwa mpira mnene zaidi ulio chini yake. Mpira wa tatu ni wa hewa, unaokwenda kwenye busta. Kati ya pampu na sehemu ya umeme kuna oili sili ndogo ya mpira, ambayo ukiitoa utaiweka kwenye kiganja na ikabaki nafasi. Hiyo ikichoka, oili inavuja kuingia kwenye altaneta, inalowesha kaboni na zile pete za shaba zinazosuguana nazo, vumbi la kaboni linachanganyika na oili kuwa tope jeusi, na chaji inakata. Fundi wako wa pili aliosha lile tope akaacha sili. Ndiyo maana uliendesha siku chache tu. Na sili hiyo hiyo inayopitisha oili kwenda upande mmoja, inapitisha hewa kuja upande wa pili, vakyumu inadhoofika, na dereva anaanza kulalamika.

Hilo lipimwe, lisikisiwe tu. Kipimo cha breki hakihitaji hata spana. Gari likiwa tambarare, handibreki juu, injini imezimwa, dereva akanyage breki mara tano sita mpaka pedali iwe ngumu. Aendelee kuikandamiza hivyo hivyo, kisha awashe gari. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu injini inapowaka, busta inapata hewa yake. Isiposhuka, haipati. Hapo injini ikiwa inaunguruma taratibu, chomoa mpira wa hewa pale kwenye busta na uweke kidole kwenye tundu la mpira. Ukivutwa kwa nguvu, pampu ni nzima na ubovu uko kwenye busta. Usipovutwa au ukivutwa kwa kusitasita, tatizo liko kwenye pampu, au mpira umepasuka mahali, au kile kivalvu kidogo kinachoruhusu hewa kwenda upande mmoja tu kimeziba.

Nimeanza na breki kwa makusudi, maana altaneta ikifa utalala njiani na viazi vyako. Breki zikifa, hutalala njiani.

Sasa twende kwenye umeme. Taa ya betri kuwaka haina maana kwamba altaneta imekufa. Ina maana tu kwamba chaji haifiki. Inaweza kuwa mkanda umelegea, fyuzi imekatika, plagi ya waya nyuma ya altaneta imelika kutu, au ethi ya injini imelegea. Fundi anayesikia "taa ya betri" akajibu "nunua altaneta" bila kutoa mita mfukoni, msalimie vizuri uondoke. Mita ya bei ndogo kabisa inatosha kwa kazi hii, na kijana wako wa VETA bila shaka anayo au anaweza kuazima.

Kwanza betri yenyewe. Gari likiwa limelala usiku mzima, mita isome volti 12.6 hivi kwenye vichwa vya betri. Ikisoma 12.0, betri imeisha chaji na haifai kutumiwa kumhukumu mtu yeyote. Ikachajiwe kwanza kwa mashine. Kisha gari liwashwe. Altaneta nzima itaipandisha mita hadi kati ya 13.8 na 14.5, ukiongeza moto kidogo. Washa taa kubwa na feni ya ndani. Namba itashuka kidogo lakini isiingie chini ya 13. Ikibaki 12 na kitu na kuendelea kushuka, chaji hakuna. Ikipita 15, kinachodhibiti chaji kimekufa, na hapo betri itachemka na globu zitaungua moja baada ya nyingine. Watu wengi wanaolalamika kwamba wanabadilisha globu kila mara wana ugonjwa huo na hawajui.

Chaji isipokuwepo, usiikimbilie altaneta bado. Gusa mita kwenye nati ya ule waya mnene nyuma ya altaneta, na mguu wa pili wa mita kwenye bodi la altaneta lenyewe. Ukipata 14 pale na 12 kwenye betri, altaneta inazalisha lakini umeme unapotelea njiani: waya umeungua, nati imelegea, au kiungo cha fyuzi karibu na betri kimeliwa. Na zungusha ufunguo bila kuwasha injini: taa nyekundu ya betri lazima iwake. Isipowaka, huenda globu yake imekufa au fyuzi yake imekatika, na kwenye magari mengi ya aina hii altaneta inaweza kushindwa kuanza kuchaji kwa sababu ya kadudu hako kadogo. Mkanda nao usisahaulike. Ubonyeze katikati kwa kidole gumba. Ukizama sentimita moja hivi ni sawa. Ukipiga kelele asubuhi gari linapowaka, au ukang'aa kwa ndani kama umepakwa mafuta, umechoka.

Na kitu kimoja nisikie kimekatazwa hapo nyumbani. Kuna mafundi wanaopima altaneta kwa kuchomoa kichwa cha betri gari likiwa linawaka. Likiendelea kuwaka wanasema altaneta nzima. Kwanza dizeli yenye pampu ya mafuta ya kimakanika haitaki umeme mwingi ili iendelee kuunguruma, kwa hiyo jibu lenyewe halina thamani. Pili, betri ikitolewa ghafla, volti zinaruka juu mno na kuzichoma zile daiodi zinazogeuza umeme. Mtindo huu tumeurithi kutoka zama za dainamo, kabla Chrysler hawajaanza kufunga altaneta kwenye Valiant yao mwaka 1960 na watengenezaji wengine kufuata. Dainamo haikuwa na daiodi za kuungua. Zama hizo zimepita, lakini mkono wa fundi hausahau.

Tuseme sasa umepima, na kweli altaneta ndiyo tatizo, na breki nazo hazivuti. Kwa jinsi ulivyoeleza hiyo oili, ningeshangaa ikiwa vinginevyo. Usinunue ya tatu. Hiyo uliyonayo ipelekwe kwa fundi anayeshughulika na altaneta na stata peke yake, wale wenye mashine ya kuzungushia mezani. Makambako hapo jirani ni mji wa malori, hutakosa. Afungue, abadilishe oili sili, abadilishe beringi, abadilishe kaboni. Kaboni mpya huchomoza sentimita moja hivi kutoka kwenye kishikio chake. Ikibaki milimita moja na nusu imekwisha. Atazame vile vipande bapa ndani ya vakyumu vinavyoteleza na kufyonza hewa, kama vimelika au vimevunjika. Kisha aizungushe kwenye mashine mbele yako, uone volti kwa macho yako. Nasema mbele yako. Kaa kwenye benchi, agiza chai.

Nikilinganisha, altaneta yako iliyotengenezwa mbele ya macho yako ninaiamini kuliko ya mtumba iliyofutwa vumbi na kupakwa rangi ya fedha. Ya mtumba hujui sili yake ina umri gani. Lakini kama pampu yako imekufa kabisa na huna budi kununua, uliza mambo haya dukani kabla pesa haijatoka mkononi. Iwe ya injini ya dizeli yenye vakyumu mgongoni, si ya Hilux ya petroli. Iwe ya volti 12; sokoni kuna za 24 zilizotoka kwenye malori na baadhi ya Land Cruiser, na kwa nje zinafanana. Plagi yake iwe na miguu sawa na yako, puli yake iwe na mifereji sawa, na masikio ya kufungia yawe mahali pale pale. Njia rahisi ni kwenda na ya zamani mkononi na kuziweka pamoja kaunta. Uizungushe kwa mkono: isikwaruze. Na uchungulie ndani kwenye matundu ya hewa. Ukiona unyevu wa oili, rudisha.

Kuna jambo jingine ambalo hata altaneta mpya ya dukani haitalitibu. Ule mpira mnene wa kurudisha oili ukiwa umeziba kwa masizi, au umejikunja, oili inaingia kwenye pampu kwa presha na haina pa kutokea. Inatafuta njia, na njia ni sili. Altaneta ya kwanza ikifa hivyo, ya pili itakufa hivyo, na ya nne pia. Mpira huo utolewe, upulizwe, na kama umekuwa mgumu ununuliwe mwingine wa oili, si wa maji. Mpira ukisharudishwa, injini ikiwaka, fungua kifuniko cha kujazia oili. Moshi ukipuliza kwa nguvu kutoka pale, injini imechoka na presha yake ya ndani inazuia oili kurudi vizuri. Hilo ni gharama nyingine na siku nyingine, lakini ni vizuri ujue mapema kuliko kusingizia altaneta.

Sasa mtoto. Nimruhusu? Ndiyo, mama, mruhusu, na nitakwambia yapi hasa asimamiwe.

Bolti zenyewe si kitu. Spana namba 12 na 14 zinafanya sehemu kubwa ya kazi. Kuna bolti ndefu ya kuningʼinizia na nyingine kwenye ule mkono wa kukazia mkanda. Mwanafunzi wa VETA anafungua hizo akiwa amefumba macho. Pale ambapo wenye haraka wanaumia ni betri. Kichwa cha hasi kitoke kwanza, na kifungwe kwenye kitambaa kisirudi chenyewe. Ule waya mnene nyuma ya altaneta unatoka moja kwa moja kwenye betri na una umeme hata ufunguo ukiwa ndani kwenye kabati. Spana ikiugusa na wakati huo huo ikagusa bodi la injini, inapiga cheche na kuweza kujichomelea pale pale. Saa na pete zivuliwe. Hii si sheria ya darasani. Pete ya ndoa ikiunganisha waya huo na bodi inakuwa nyekundu kabla mtu hajavuta mkono.

Injini iwe imepoa. Akihitaji kuingia chini, jeki peke yake haitoshi na matofali hayafai, yanapasuka bila taarifa. Atafute stendi za chuma, magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe pande zote mbili. Kabla hajachomoa chochote apige picha kwa simu: mipira yote mitatu inapopita, waya unapokaa, mkanda unavyozunguka. Mpira wa oili ukichomolewa utamwaga kidogo, awe na beseni. Matundu yote yazibwe kwa kitambaa safi, punje moja ya mchanga kwenye mpira wa oili ni ya kwenda kwenye injini.

Wakati wa kufunga, hapa ndipo ningependa baba yake awepo, si kwa kumsimanga bali kwa kuhesabu. Bolti yenye tundu inayoshika mpira mwembamba wa oili ina washa za shaba, moja kila upande. Washa za zamani zimeshabonyea, zifungwe mpya. Mpira huu unabeba oili ya injini ikiwa na presha. Ukichomoka barabarani, oili yote ya injini inaishia kwenye lami, na taa ya oili itakapowaka injini itakuwa tayari inagonga. Ndio maana ningemchelea mtoto kwenye mpira huu kuliko kwenye umeme. Akaze kwa kiasi, asikaze kwa hasira, na klipu za mipira mingine zikae nyuma ya ule ukingo wa bomba, si juu yake.

Kabla hajafunga mpira wa kuingizia oili, amimine oili safi ya injini kidogo kwenye tundu la pampu na kuzungusha puli kwa mkono mara kadhaa. Pampu isianze kavu. Mafundi wengi wanaruka hatua hii kwa sababu haionekani, na pampu inajikwaruza dakika ya kwanza tu ya maisha yake. Kisha mkanda ukazwe kwa kile kipimo cha sentimita moja. Ukikazwa kupita kiasi, beringi za altaneta na za pampu ya maji ndizo zitakazolipa.

Waya mnene ufungwe, kofia yake ya mpira irudi. Plagi iingie mpaka ilie "tak". Hasi ya betri iwe ya mwisho kabisa.

Betri iwe imeshachajiwa nje kwa mashine kabla ya kuwasha. Watu wengi wanafunga altaneta mpya kwenye betri iliyokufa na kuiachia kazi ya kuijaza. Inafanya kazi kwa nguvu zake zote saa nzima, inapata joto, na daiodi changa zinaungua. Altaneta imetengenezwa kuitunza betri iliyojaa, kuifufua iliyokufa ni kazi ya mashine. Kama betri yenyewe ni ya miaka mingi na hailali na chaji, bora ununue betri, hata kama pesa hiyo inauma.

Likiwaka, mtu mmoja akae na tochi akimulika ile mipira mitatu, mwingine kwenye mita. Oili isidondoke hata tone. Namba zifike 13.8 hadi 14.5. Kile kipimo cha pedali kirudiwe: sasa ishuke chini ya mguu. Lizimwe, dipstiki ivutwe, oili iongezwe kama imepungua. Halafu dereva alizungushe mtaani bila mzigo, arudi, mtazame tena chini ya altaneta kwa kidole. Kidole kikirudi kikavu, siku inayofuata libebe nusu ya mzigo. Viazi vilivyosubiri wiki vitasubiri siku mbili zaidi.

Baba watoto ana hoja ambayo sitaki uipuuze. Gari la deni likiharibika, deni haliharibiki. Lakini mafundi wawili wazoefu wameshalifanyia mazoezi hilo gari kwa pesa yako, na hakuna aliyegusa sili. Mwambie hivi, kwa upole: mtoto atapima na kufungua, fundi wa altaneta atatengeneza mezani, mtoto atafunga, na kabla ya kuwasha mtamwita mwalimu wake au fundi mmoja mnayemheshimu aje kukagua mpira wa oili na waya. Ujira wa ukaguzi wa nusu saa ni mdogo kuliko wa kazi nzima. Na baba ashike mita. Mzazi akiziona namba mwenyewe, maneno yanapungua.

Kuhusu fundi wa kwanza, majirani hawakuwepo. Inawezekana alikuibia, wapo wanaofanya hivyo, na altaneta nzima ya Hilux inauzika haraka. Inawezekana pia kwamba yako ilikufa kweli, na akakufungia ya mtumba yenye sili iliyochoka bila yeye kujua. Bila ile ya zamani mkononi huwezi kuthibitisha, na kumtangaza mtu mwizi katika mji mdogo ni kesi juu ya kesi. Nenda kwake taratibu, umwombe altaneta yako ya zamani. Haki yako iko pale. Spea ya zamani ni mali ya mwenye gari. Akikupa, mpelekee fundi wa mezani naye aipime, huenda ikahitaji kaboni tu na ukawa na ya akiba. Akisema ameitupa, utakuwa umejua unashughulika na nani, na hutarudi kwake.

Tangu leo, chochote kinachotoka kwenye gari lako kirudi nyumbani kwako, hata kama ni takataka. Na spea nzuri iwekwe alama ya rangi ya kucha mahali pasipoonekana, picha ipigwe.

Kuuza gari? Hapana. Likiuzwa lenye breki hizo, atalinunua mwingine na kulishusha Kitonga.

Mwambie kijana aanze na kile kipimo cha pedali, jioni hii hii, kabla hajagusa spana. Akishapata namba za mita aniandikie kupitia safu hii: betri asubuhi, gari likiwaka, gari likiwaka na taa. Na ule mpira wa kurudisha oili, akiutoa, aniambie alikuta nini ndani.